AKINA KAMBALE NI WENGI
Namna kompyuta inavyotafuta watu na karatasi, na kwa nini jambo hili ni la usalama



Ukisimama katikati ya soko la Butembo, saa ile watu wamejaa, ukaita kwa sauti kubwa "Kambale!", watageuka watu wangapi? Na ukienda Beni ukaita "Masika!", watageuka mama wangapi na wasichana wangapi? Kila mtu wa kwetu anajua jibu. Kwa Wanande, jina la kuzaliwa halichaguliwi kwa kupenda. Linafuata nafasi ya mtoto katika uzazi. Kwa kawaida mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Mbambu. Mvulana anayezaliwa akifuata dada zake huitwa Muhindo, na msichana anayefuata kaka zake huitwa Kahindo.

Desturi hii ni nzuri. Ukisikia jina la mtu, unajua tayari jambo fulani juu ya nyumba yao. Kijijini haileti matata yo yote, maana wazee wanajua kila Kambale ni mtoto wa nani na anatoka kilima kipi. Matata yanaanza siku ile anayemtafuta Kambale si mzee wa kijiji, bali ni mashine.

Leo katika migodi mingi kompyuta inatunza orodha ya wafanyakazi, mafaili ya hospitali, karatasi za mafunzo, na maagizo ya usalama. Karani, muuguzi au kapita anaandika neno, anabonyeza, na majibu yanatokea. Watu wengi hufikiri kwamba mashine imefahamu swali lao. Sivyo. Mwezi huu tutaeleza jinsi inavyofanya kazi, ili kila mmoja ajue namna ya kujilinda.

KOMPYUTA HAIJUI MTU, INAJUA HERUFI

Fikirini kabati kubwa lenye droo elfu nyingi. Kila droo imeandikwa neno moja. Karatasi mpya ikiingia kazini, kompyuta inaikata maneno yake yote. Neno "Kambale" linaingizwa katika droo ya Kambale, neno "pampu" katika droo ya pampu, neno "Beni" katika droo ya Beni. Ndani ya droo hakuna karatasi yenyewe. Kuna namba tu, inayoonyesha karatasi iko wapi.

Ukiandika "Kambale pampu", kompyuta haisomi karatasi zote za kampuni. Ingechukua muda mrefu mno. Inafungua droo mbili, ya Kambale na ya pampu, inatazama namba zipi zipo katika droo zote mbili, na hizo ndizo inazokuletea. Kazi hiyo inaifanya upesi sana kuliko karani ye yote. Lakini angalieni: kama mtu aliandika "pompe" kwa Kifaransa, karatasi yake haimo katika droo ya pampu. Kwa mashine, pampu na pompe ni vitu viwili visivyojuana, mpaka mtu aifundishe kwamba ni kitu kimoja.

Baada ya kukusanya karatasi, kompyuta inazipanga: ipi ije juu, ipi ije chini. Hapa kuna kanuni moja iliyoelezwa mwaka 1972 na mama mmoja mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones. Alionyesha kwamba neno linalopatikana katika karatasi nyingi lina uzito mdogo, na neno linalopatikana katika karatasi chache lina uzito mkubwa. Kanuni hiyo bado inatumika katika mashine nyingi za kutafutia mpaka leo.

Tuchukue mfano. Mgodi una wafanyakazi 1,000, na kati yao akina Kambale ni 80. Ukitafuta "Kambale", umetoka watu 1,000 ukabaki na 80. Bado hujampata mtu. Ukiongeza "Kasereka" kama jina la baba, pengine utabaki na 10. Lakini ukiandika namba ya kazi, ambayo ni ya mtu mmoja tu, umetoka 1,000 ukafika kwa 1 mara moja. Jina lenye uzito mdogo ni kama tochi yenye betri zilizochoka: inaangaza, lakini haionyeshi uso.

HERUFI MOJA TU

Majina yetu yana matata mengine, nayo ni namna ya kuyaandika. Mmoja anaandika Kavira, mwingine Kabira. Mmoja anaandika Kavugho, mwingine Kabugho, mwingine Kavuo. Mtu ni yule yule. Karani ndiye aliyebadilika. Tena ng'ambo ya mpaka, kule Kasese, Uganda, ndugu zetu Wakonzo wanafuata desturi ile ile kwa matamshi yao: Kambale wetu ni Bwambale wao, Kasereka ni Masereka, Katembo ni Thembo. Mfanyakazi aliyezaliwa Kasindi na kusoma Bwera anaweza kuwa na karatasi za namna mbili, bila kumdanganya mtu.

Wataalamu wamehangaika na jambo hili zaidi ya miaka 100. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya njia iitwayo Soundex. Njia hii inashika herufi ya kwanza ya jina, inaacha irabu, na kugeuza konsonanti kuwa tarakimu. Konsonanti zenye sauti za kukaribiana zinapata tarakimu moja. B na V zote ni 1. Kwa hiyo Kavira inakuwa K160, na Kabira pia inakuwa K160. Vizuri sana! Mashine imewaunganisha. Lakini jaribu Kasereka na Masereka: ya kwanza inakuwa K262, ya pili M262. Kwa sababu ya herufi ya kwanza, mashine imewatenga. Hali kadhalika Paluku ni P420, na Baluku ni B420. Njia hii ilitengenezwa kwa majina ya Marekani, ambako mwanzo wa jina haubadiliki sana. Kwetu mwanzo ndio unaobadilika.

Njia ya pili ilitoka kwa Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Yeye alihesabu: ni herufi ngapi lazima zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe, ili neno moja liwe jingine? Kavira na Kabira: herufi moja. Kasereka na Masereka: herufi moja. Kambale na Bwambale: mbili. Basi tuiambie mashine ikubali tofauti ya herufi mbili, na matata yamekwisha?

Ngojeni kwanza. Muhindo na Kahindo ni tofauti ya herufi ngapi? Mbili tu. Mmoja ni mwanamume, mwingine ni mwanamke. Mashine inayokubali kwamba Kambale ni Bwambale itakubali vile vile kwamba Muhindo ni Kahindo. Kwake umbali ni ule ule. Inahesabu herufi, haijui kwamba majina mawili ya kwanza ni ndugu, na mawili ya pili ni kaka na dada.

MAJINA YALIYOBADILIKA PAMOJA NA SERIKALI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972. Serikali ya Zaire, wakati wa siasa ya "authenticité", iliamuru raia waache majina ya Kikristo na kushika majina ya asili. Aliyekuwa Joseph katika kitabu cha ubatizo akawa mtu mwingine katika kitabu cha kampuni. Miaka ya 1990 watu wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Basi baba mmoja anaweza kuwa na jina moja katika cheti cha shule, jingine katika karatasi za kazi, na jingine katika kadi ya uchaguzi.

Nchi yetu haikuhesabu watu tena tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha raia wengi. Tena tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafanya watu wengi kukimbia, wakaacha nyumba na karatasi zao zote. Mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hakumbuki kuchukua cheti cha kuzaliwa. Tusimcheke mtu ambaye hajui tarehe yake kamili. Tumsaidie kuiandika upya, na iandikwe namna moja kila mahali.

FUNDISHO LA EBOLA

Kama kuna watu wanaojua bei ya jina lililoandikwa vibaya, ni watu wa Beni na Butembo.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola huko Mangina, katika eneo la Beni. Ugonjwa ulifika Beni, Butembo na Katwa. Mwezi Juni 2019 ulivuka mpaka hadi Kasese. Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ni hatari kwa ulimwengu mzima. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa wamefika 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Hakuna mtaa wa Butembo ambao haukusikia kilio.

Silaha ya kwanza dhidi ya Ebola haikuwa sindano. Ilikuwa orodha ya majina. Kila mgonjwa aliulizwa: ulikaa na nani, ulikula na nani, nani alikuosha, nani alikupanda kwenye pikipiki? Majina yale yaliandikwa, na kila mtu alipaswa kutazamwa siku 21, kupimwa homa kila siku, na kupewa chanjo, yeye na wale waliokaa karibu naye. Katika vita ile watu 250,000 waliandikwa kwa sababu walikuwa karibu na mgonjwa, na zaidi ya watu 300,000 walipewa chanjo.

Sasa fikirini orodha ya watu 250,000 katika nchi ya akina Kambale. Mgonjwa anasema: "Nililala kwa Masika, karibu na kanisa." Masika yupi? Kanisa lipi? Kama orodha inaonyesha kwamba Masika amekwisha tazamwa, kumbe aliyetazamwa ni Masika mwingine, basi huyu wa kweli anabaki nyumbani bila chanjo, anahudumia watoto wake, na homa inaanza. Na kama Kavugho mmoja ameandikwa mara mbili, mara moja Kavugho na mara moja Kavuo, wahudumu watapoteza siku nzima kumtafuta mama ambaye wamekwisha mwona jana.

Tena kulikuwa na woga. Wengine walificha majina yao, au walitaja majina ya uwongo. Hawakuwa wajinga. Waliogopa kutengwa na jirani, waliogopa kupelekwa mbali, na katika nchi ya vita mtu anayeandika majina ya watu haaminiwi upesi. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Orodha ya majina ni kitu cha imani kwanza, na cha mashine baadaye. Mashine haiwezi kumpata mtu ambaye hakutaka kupatikana.

Ugonjwa ulirudi karibu na Butembo mwezi Februari 2021, na Beni mwezi Oktoba 2021, na tena mtu mmoja Beni mwezi Agosti 2022. Mara zile haukuenea sana. Lakini somo la orodha limebaki, na ni somo la mgodini pia.

MAKOSA MAWILI, NYAVU MBILI

Kila utafutaji una makosa ya namna mbili. Kosa la kwanza ni kumshika asiye yeye: unamtafuta Muhindo, unaletewa Kahindo. Kosa la pili ni kumkosa aliye yeye: unamtafuta Kavira, na faili lake limelala chini ya jina la Kabira. Ukipunguza kosa moja, kwa kawaida lile jingine linaongezeka.

Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, wanajua jambo hili. Wavu wenye matundu madogo unashika kila kitu, hata usichotaka. Wavu wenye matundu makubwa unakuletea samaki wakubwa tu, na wengine wanapita. Mvuvi mwenye akili huchagua wavu kufuatana na kazi.

Basi na kazini ni vile vile. Ukiwa unatafuta watu waliokaa karibu na mgonjwa wa kuambukiza, tumia wavu mdogo. Andika jina kwa kila namna, kubali majibu mengi, kisha wachuje kwa mdomo na kwa macho. Afadhali kuuliza watu watano bure kuliko kumwacha mmoja.

Lakini ukiwa unataka kumwekea mtu damu, geuza shauri. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901, na tangu hapo tunajua kwamba damu ya kundi lisilofaa inaweza kuua. Mfanyakazi ameletwa kutoka chini, mguu umevunjika, damu inatoka, hasemi. Wenzake wanasema: "Ni Kambale wa timu ya usiku." Kompyuta inaonyesha akina Kambale watatu wa timu ya usiku. Hapo hakuna kubahatisha. Faili halitoshi, damu ya mgonjwa lazima ipimwe tena kabla ya kumwekea nyingine, na jina, namba na tarehe ya kuzaliwa vilinganishwe na karatasi ya mkononi mwake. Kitu kimoja kisipolingana, simameni.

Jambo la tatu: kompyuta ikijibu "hakuna", maana yake si kwamba kitu hakipo. Maana yake ni kwamba hakikupatikana kwa maneno yale uliyoandika. Muuguzi anayetafuta kama mgonjwa hudhurika na penisilini, akaambiwa hakuna faili, asiandike "hadhuriki". Aandike "haijulikani", kisha amwulize mgonjwa au mke wake. Maneno haya mawili yana umbali wa kaburi.

SAA YA HATARI, HESABU NAMBA

Tangu zamani migodi ina desturi nzuri: anayeshuka anachukua taa yenye namba, na kibati chake chenye namba ile ile kinabaki kwenye ubao juu. Ubao unasema ni nani bado yuko chini. Desturi hii ni ya mtu aliyefahamu kwamba majina hudanganya.

Siku ya moshi au ya mwamba kuanguka, watu wanapiga kelele mlangoni. Mmoja anasema: "Kasereka ametoka, nimemwona!" Kapita anafurahi, anafuta jina. Lakini Kasereka yupi? Kama wameshuka wawili, kufuta kumoja kwa makosa kunamwacha mtu chini bila mtu wa kumtafuta. Kwa hiyo, siku ile, hesabu vibati na namba za taa. Leo katika migodi mingine ubao umekuwa wa kompyuta, na kadi ndiyo inayogusishwa mlangoni. Shauri halibadiliki. Kumgusishia rafiki kadi yake "ili asichelewe" ni kumwandikia kwamba yuko mahali ambapo hayupo. Watu wa uokoaji watahatarisha maisha yao kumtafuta mtu aliyelala nyumbani, au watamwacha aliye chini wakidhani amekwisha toka.

KARATASI ZA DAWA ZA HATARI

Kompyuta hutafuta watu, na tena hutafuta maagizo. Hapa matata ni lugha. Katika migodi ya dhahabu hutumika sianidi ya sodiamu. Karatasi yake ya usalama kwa kawaida imeandikwa Kifaransa, "cyanure de sodium". Mfanyakazi anaiita "dawa". Mtu mmoja amemwagikiwa, mwenzake anakimbilia kompyuta, anaandika "dawa ya dhahabu". Jibu: hakuna. Karatasi ipo, lakini iko katika droo nyingine. Hali kadhalika zebaki, ambayo kwa Kifaransa ni "mercure", na ambayo mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu ya mtu anayechoma dhahabu, na ya watoto wanaokaa karibu.

Kuna dawa mbili za matata haya. Ya kwanza ni namba. Kila kitu cha hatari kinachosafirishwa kina namba ya Umoja wa Mataifa. Sianidi ya sodiamu iliyo kavu ni UN 1689. Zebaki ni UN 2809. Namba hizi ni zile zile Butembo, Kampala na London, kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Zimeandikwa kwenye pipa lenyewe. Ukitafuta kwa namba, hakuna Kambale wawili.

Dawa ya pili ni kuifundisha mashine majina yetu. Mkubwa wa usalama akae na wafanyakazi, aulize: kitu hiki mnakiitaje? Majina yote yaandikwe katika karatasi ile ile, hata yale ya mzaha. Siku ya hatari mtu hakumbuki neno la Kifaransa. Anakumbuka lile analolisema kila siku.

Na kanuni moja isiyohitaji kompyuta: sianidi isikutane kamwe na asidi, maana hewa inayotoka inaua upesi. Jambo kama hilo libandikwe ukutani. Lisingoje kutafutwa.

KUMTAFUTA MWENYE UJUZI

Programu nyingine za kazini zinakuwezesha kutafuta mtu kwa ujuzi wake: nani anajua huduma ya kwanza, nani anajua kurekebisha mashine ya hewa. Mashine inawaleta wale ambao neno hilo limeandikwa katika fishi yao. Nani hatatokea? Yule mzee wa miaka 25 kazini, anayesikia mwamba kabla haujapasuka, lakini ambaye hakuna mtu aliyemwandika. Na nani atatokea juu kabisa? Pengine kijana aliyejaza fishi yake maneno mengi. Aliyejisifu anapatikana, aliyejua anabaki gizani.

Wazee, msione haya. Nendeni kwa karani, mwambieni aandike mnachokijua. Na ninyi mliosoma huduma ya kwanza, angalieni tarehe ya cheti. Fishi isiyofanywa upya inamleta mtu aliyesahau jinsi ya kufunga jeraha, au mtu aliyekwisha toka kampunini.

SIRI NI SEHEMU YA USALAMA

Mashine nzuri inatazama mambo mawili: kile ulichotafuta, na wewe ni nani. Karani wa mishahara asione magonjwa. Kapita ajue tu kwamba mtu fulani hafai kushuka leo. Kwa nini hafai, ni neno la munganga na mgonjwa. Ikiwa mtu ye yote anaweza kuandika jina la jirani akasoma ugonjwa wake, watu watajificha, kama walivyojificha wakati wa Ebola. Watakwenda kutibiwa kwa siri, watataja majina ya uwongo, na orodha nzima itakuwa bure. Kwa hiyo usimpe mwenzako neno lako la siri la kufungulia kompyuta, wala usiiache imefunguliwa ukienda kula.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, na uishike kila mahali: kazini, hospitalini, shuleni kwa watoto, na kwenye kadi.

2. Kama una majina mengine, ya ubatizo au ya ng'ambo ya mpaka, mwambie karani ayaandike chini ya faili lile lile. Usifunguliwe faili la pili.

3. Jua namba yako ya kazi kwa kichwa. Mke wako na mtoto wako mkubwa waijue pia. Siku umeletwa hospitalini huwezi kusema, wao watasema.

4. Mama ukimpeleka mtoto kupimwa, usitaje jina moja tu. Taja jina la mtoto, jina la baba na la mama, na mwaka wa kuzaliwa. Kama munganga anasoma faili, sikiliza. Ukisikia ugonjwa ambao mtoto hakuugua, au umri usio wake, sema mara moja. Si kukosa heshima.

5. Usijibu "ndiyo" ukiitwa jina tu. Muuguzi mzuri haulizi "Wewe ni Kambale?" Anauliza "Jina lako nani? Ulizaliwa lini?" na kungoja useme mwenyewe.

6. Kompyuta ikisema "hakuna", tafuta tena kwa namna tatu: kwa maandishi mengine ya jina, kwa lugha nyingine, na kwa namba. Kisha uliza mtu.

7. Siku ya hatari, hesabu namba za taa na vibati. Usikubali jina lililosemwa kwa kelele.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mali hupotea hivyo, je, mtu? Baba na mama walitupa majina ili tujulikane nyumbani. Namba ya kazi haifuti jina lile wala haimpunguzii mtu heshima. Inahakikisha kwamba damu iliyoandaliwa kwa ajili yako inakufikia wewe, na kwamba ukiwa chini, wale walio juu wanajua ni wewe wanayekungojea.

Ndugu mfanyakazi, kabla hujashuka zamu ijayo, pita kwa karani. Mwombe akuonyeshe jina lako lilivyoandikwa. Lisome herufi kwa herufi. Kama lina kosa, lisahihishwe leo.